Mdogo Wangu Ameniuliza Kama Ameharibika

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, japo kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana mtaa huu hakuna cherehani iliyowahi kunishinda, shule niliishia njiani lakini mikono yangu ina digrii, waulize washonaji wote. Shida ni mdogo wangu wa kike, ana miaka tisa, hasumbui mtu, hapandi meza kama yule mvulana wa jirani ambaye walimu walimpeleka kupimwa mapema tu, yeye anakaa kimya anatazama dirisha, ukimtuma chumvi anarudi na kizibo cha soda na hadithi ndefu, viatu kapoteza pea tatu, na daftari lake kila ukurasa una mstari mmoja na nusu. Mimi kwa utani nikamwita Bi Mawingu, tena getini mbele ya wenzake, wakacheka, nikajiona bingwa. Sasa shule nzima inamwita hivyo, kwenye kuruka kamba hawamtaki kwa sababu anasahau zamu, mapumziko anabaki darasani peke yake akinakili yaliyompita ubaoni, mwalimu anasema ni mvivu, na mama akirudi kutoka kazini ni "mtoto wa kike mzembe hivi, ataishi na nani?" Juzi alikuja kibandani kwangu, akakaa chini ya meza anapanga bobini kwa rangi za uzi, nikamtania, "Bi Mawingu, mvua lini?" Hakucheka. Akasema, "Kaka, mimi nimeharibika? Maana najaribu." Mshauri, mimi sikosagi la kusema, lakini nilijifanya natafuta bisibisi mpaka akaondoka. Tangu siku hiyo haji, na kibanda kimekuwa kikubwa mno. Je, achapwe, aombewe, au ni ugonjwa?

Fundi Asiyeshindwa

Marahaba, Fundi. Umeshindwa, na afadhali umekiri.

Cherehani ikiruka mshono huichapi, unaifungua uone. Mdogo wako umempachika jina tu, kazi ikaishia hapo!

Wapo watoto ambao akili yao hupata taabu kutulia kwenye jambo moja, kukumbuka na kupanga, hata wakijitahidi. Wavulana wengi wa namna hiyo huparamia meza, wakaonekana. Wasichana wengi hupotelea dirishani kimya kimya, wakaitwa wavivu. Sisemi ndiyo hali yake. Huenda haoni ubao, hasikii vizuri, halali vya kutosha, au ana huzuni, na ya huzuni umechangia. Ndiyo maana mtoto hupimwa, hakisiwi.

Kwa wiki mbili andika unayoyaona nyumbani: lini anasahau, lini anatulia (zile bobini alizipanga kwa muda gani?), na yalianza akiwa na umri gani. Mwalimu naye aandike ya darasani. Kisha mama aombe ruhusa kazini, mwende kliniki ya watoto na karatasi hizo, muanze na macho na masikio, mumuulizie mtaalamu anayepima umakini wa watoto. Mkiambiwa "mbona katulia huyu," msiondoke, wasomeeni karatasi. Mwombeeni pia, lakini mwende. Fimbo itupeni.

Na lile jina, ulilitoa getini, kalirudishe getini, mbele ya walewale.

Hayo ni ya kesho. Leo kuna mtoto aliyeuliza swali na bado anasubiri. Weka bisibisi chini, mfuate alipo, mwambie: hapana, hukuharibika. Halafu nyamaza, usitie utani, msikilize mpaka amalize hadithi ya kizibo cha soda.