Alikuwa Amelowa

Pigeon Branch, Kentucky
Oktoba 9

Mdogo wangu Oma,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado anapumua na bado anatafuna kwa meno yake mwenyewe. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba mumeo Clyde ameacha kulamba chumvi kama ng'ombe. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima. Nalala, nakula, na juzi nimegombana na fundi wa bomba mpaka akavua kofia, kwa hiyo ujue nimeanza kurudi.

Kendra, mjukuu wangu, amenipa ujumbe wako. Unakuja Jumamosi na gari la kubebea vitu unihamishie kwenu Dayton, na chumba umeshakipaka rangi. Tena ukamwagiza aniambie nisikuletee habari za Mungu humo njiani, maana Mungu aliyemwacha mume wangu Burl afe kwenye matope kama mbwa huna la kuzungumza naye. Siku ya mazishi uliniuliza, mbele ya watu, ninamshukuru kwa lipi. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, na mimi si mtu wa kufungua mdomo bila kitu ndani. Leo ninacho. Zima hiyo televisheni, keti, usome mpaka mwisho, usiruke kama unavyosoma gazeti.

Kwanza, acha kuwasikiliza wanaosema kwamba shemeji yako alirudi ndani kutafuta pesa. Hakurudi popote. Siku ile ya mafuriko, maji yalipoingia jikoni tulitokea mlango wa nyuma, akanisukuma mimi mbele nishike mizizi ya ule mti wa ukingoni. Nikashika. Nilipogeuka nimvute, ngazi aliyokuwa amesimamia ilikuwa imekwenda, na yeye pamoja nayo. Hakupiga kelele. Burl hakuwa mtu wa kelele, kelele zote za nyumba ile zilikuwa zangu.

Halafu wakaja watu wa sababu. Hao nao mafuriko ya pili. Mmoja alivaa fulana ya kugawa misaada, akanishika bega, akaniambia kwamba hakuna jambo linalotokea bila sababu. Nikamwuliza yeye sababu ya hili anaijua? Akasema hapana, ila Mungu anaijua. Nikamwambia basi amwachie Mungu aiseme, yeye achukue koleo, matope yako kule. Maskini, alichukua. Alifanya kazi vizuri kuliko alivyosema.

Aliyenifaa ni Ndugu Arvil, mhubiri wetu. Unamkumbuka, yule mwenye masikio. Nyumba yake nayo ilikwenda. Alikuja kwenye hili gari-nyumba nililopewa, nikampa maharage na mkate wa mahindi, nikamwuliza waziwazi: wewe umehubiri tangu una nywele, niambie kwa nini. Akaacha kijiko. Akasema, "Verlie, dada yangu, sijui. Na nikikuambia najua, nitupe nje na sahani yako." Akalia kidogo, kisha akaomba aongezwe maharage. Nilimpenda siku ile, maana angeweza kunidanganya na nisingekuwa na nguvu ya kubisha.

Sasa nifike kwenye blanketi. Burl alipatikana mbali kule chini, kijito kinapokutana na mto. Wewe uliambiwa tu kwamba kapatikana. Hukuambiwa kwamba aliyempata ni mwanamke anaitwa Dessie, mjane, wala hukuambiwa kwamba watu wa mazishi walinikabidhi mfuko, na ndani mlikuwa na blanketi la viraka, la kushonwa kwa mkono, limejaa matope. Walisema amekuja amefungwa nalo. Mimi sikai na kitu cha mtu. Nikalifua, nikalirudia kulifua, vile viraka vyeupe vikakataa kabisa kutakata, nikaona aibu lakini nikamwambia Kendra twende tukalirudishe. Huyo mtoto anaendesha gari kama anayefukuza mwizi, ila tulifika.

Nilimkuta Dessie anamenya viazi nje ya hema. Hema, Oma. Nyumba yake imebaki mawe ya msingi tu. Nikamwuliza mablanketi yake mengine yako wapi, akasema hayapo, ni hilo tu lililonasa kwenye mti, alishonewa na mama yake. Hapo nikapandisha hasira. Unanijua. Nikamwuliza kama ana akili timamu, mtu gani anachukua blanketi moja alilobakiwa nalo, la mama yake, analifunga kwenye maiti ya mtu asiyemjua hata jina? Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyeuliza kwa nini ng'ombe anakamuliwa.

Akasema, "Alikuwa amelowa, mama."

Basi. Mimi ambaye kaburini sikutoa chozi, ulinisema mwenyewe, niliketi juu ya ndoo nikalia mpaka pua ikaziba. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nitosheke, halafu akanisogezea kisu na viazi, tukamenya. Akanisimulia kwamba barabara zilikuwa zimekatika, hivyo alikaa naye pale siku nzima akimfukuzia nzi, na kwa kuwa hakumjua jina alikuwa akimwita mjomba. Blanketi alilipokea. Mwezi huu nimemshonea la pili, na yeye akanitumia chupa ya jemu kwa kiburi, ili asiwe na deni kwangu. Tutaelewana sana mimi na huyo.

Sasa nitakuambia nisichowahi kumwambia mtu. Wewe na wote mnadhani kwamba muda wote huu sijapeana mkono na kanisa, yaani kuomba kubatizwa na kuwa mshirika, nikiishia kukaa benchi la nyuma na kupika chakula cha mikutano, kwa sababu nilikuwa nangoja kuitwa na Mungu, kama watu wetu wanavyongoja. Sikuwa nangoja. Niliitwa zamani, nikiwa bado kijana. Lakini mwanangu Lonnie alikuwa amekufa kwa homa, hata kutembea hajajua vizuri, nami nikamwambia Mungu anieleze kwanza habari ya Lonnie, ndipo tuzungumze. Nikamsimamisha mlangoni miaka hamsini. Burl alijua. Hakunisukuma hata siku moja, ila kila Jumapili alinitazama mara moja, basi.

Pale kwenye ndoo nilijisikia mjinga. Nilikuwa nimedai sababu kwa Dessie na hakuwa nayo, na bado nilishiba. Hata kama Mungu angekuja na maelezo yake yote, ya Lonnie na ya Burl, ningeyafanyia nini? Yangemkausha nani? Sijui maji yale yalitoka kwa nani, na sitajifanya najua ili nionekane mcha Mungu. Lakini mume wangu alipokuwa peke yake, mimi nikiwa sipo, aliwekewa mtu wa kukaa naye, na mtu huyo alikuwa na blanketi moja. Hilo nimeliona kwa macho. Ndilo ninaloshukuru, na ninapolishukuru naona mengine yanafuatana nyuma yake kama kuku.

Kwa hiyo, Oma, Jumapili ya juzi wimbo ulipokuwa unaendelea niliondoka benchi la nyuma nikampa Ndugu Arvil mkono. Wazee walisahau kuimba. Akataka ubatizo ungoje kiangazi maji yapate joto. Nikamwuliza mimi nina miaka sabini na miwili, ningoje kiangazi kipi? Tukashuka kijitoni mchana uleule. Ndiyo, hicho hicho kilichomchukua Burl. Nilikuwa sijakikaribia tangu Julai, nikamwambia Ndugu Arvil akiniachia nitarudi kumsumbua. Nilizama. Maji ni baridi, Oma, baridi tu, hayana chuki na mtu. Nilipoinuka watu walikuwa wanaimba ule wimbo wa polepole aliokuwa anauongoza Burl, na mahali pa sauti yake palikuwa wazi, kila mtu alipasikia, nami nikashukuru kwamba niliwahi kulala karibu na sauti ile.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungekuja kunizuia. Basi sihami. Vijana wa kujitolea, wale wa kofia za majani kutoka makanisa ya Pennsylvania, wananijengea nyumba huku juu ya kilima, wanakula kama mashine ya kupura ngano. Hicho chumba ulichokipaka rangi mpe Clyde, anakoroma.

Jumamosi njoo, lakini njoo na gari lako dogo, na ulale mpaka Jumapili. Kama umemkasirikia Mungu, njoo hivyo hivyo na hasira zako. Benchi la nyuma sasa lina nafasi, na najua mwenyewe kwamba linamstahimili mtu muda mrefu.

Msalimie Clyde na watoto. Usilete keki ya dukani.

Mimi dada yako akupendaye,
Verlie