Vichaka vya Mama Kalunde vimechanua

Mpanda, Jumatano, Septemba 1996

Joto kali tangu asubuhi. Moshi wa nyasi zinazochomwa umetanda mpaka mjini na macho yananiwasha. Sina hamu ya kula.

Leo nimeviona vile vichaka.

Nilikuwa narudi kwa baiskeli kutoka njia ya Mishamo, nilikokwenda kuandika habari za daraja. Kwenye korongo nikashuka ili nisukume. Ukingoni vilisimama vichaka kumi na vinne. Nimevihesabu mara mbili. Havina jani hata moja. Matawi makavu yamejaa maua meupe, marefu, membamba, na yale yaliyochanua mapema yamegeuka manjano. Nilichuma moja nikanyonya kitako chake. Tamu.

Kila kitu kilikuwa kama alivyosema Mama Kalunde.

Mwezi wa pili nilisimama pale pale. Kamati ya kijiji ilikuwa inaamua kama msitu ule ni wa mizinga ya nyuki ya marehemu mume wake, au ni eneo wazi la kugawia wakulima wa tumbaku. Mama hakuwa na karatasi. Alisema mizinga yao inaanzia kwenye vichaka vinavyochanua bila majani, vile ambavyo watoto hunyonya maua yake. Tukaenda kutazama. Mvua ilikuwa imekolea, pori lote kijani. Alitushikisha tawi. Mimi niliona majani ya kawaida tu.

"Maua yako wapi, mama?" katibu wa kamati aliuliza.

"Njooni mwezi wa tisa. Mtayaona hata mkipita mnakimbia."

"Haya, jamani, kikao kimeahirishwa. Tunasubiri ua lichanue."

Watu walicheka. Nilicheka na mimi, kisha nikaandika gazetini: "Mwandishi alifika eneo hilo na hakuona mmea uliotajwa." Sentensi safi, haina neno la uongo. Katibu aliisoma kwa sauti kwenye kikao cha mwisho, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Msitu uligawiwa siku hiyo hiyo.

Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Siandiki bei ya debe la mahindi kabla ya kuuliza watu wawili. Siku ile sikumuuliza mrina asali hata mmoja kama kuna kichaka kinachochanua wakati wa kiangazi bila majani. Niliogopa kuonekana nimeamini maua ya mama mjane.

Huo ndio ukweli, na hauna utetezi.

Nyuma ya vichaka, leo, ni visiki na bani la kukaushia tumbaku. Nilizunguka karibu saa nzima. Sikuona mzinga.

Jioni nilimpelekea Mama Kalunde tawi huko mtaa wa Nsemulwa, anakoishi sasa kwa wifi yake, anauza mihogo ya kuchemsha mbele ya nyumba. Nilijiandaa kwa matusi. Alichuma ua, akalinyonya, akalitupa.

"Vimebaki vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Vilipita thelathini. Na mizinga?"

"Sikuiona, mama."

Alimhudumia mteja, akamfungia mihogo yake na chumvi pembeni. Kisha akanigeukia.

"Sasa mwandishi, utaandika kwamba maua yamechanua, au kwamba wewe ulikosea?"

Nikamwambia nitaandika yote mawili.

"Anza na hilo la pili. La kwanza kila mtu wa kwetu analijua."

Hakuniambia nikae, wala hakunifukuza.

Nimerudi nyumbani, nimeweka karatasi kwenye mashine ya chapa. Kuna neno moja tu: Nilikosea. Msitu haurudi kwa neno hilo, najua. Mhariri wangu ana tabia ya kukata mstari wa kwanza kama haumpendezi.

Akiukata huu, nitakubali jina langu libaki juu ya habari ya maua?