Mawe Yako Palepale

Jumatatu, 6 Oktoba

Chaki imebaki vipande vinne. Mvua tangu saa sita. Wamefika watano kati ya saba, na mmoja amekuja na kuku ndani ya kikapu, eti akimwacha nyumbani ataibiwa. Kuku amesoma nasi hadi saa kumi. Sikumwona akiwa nyuma sana ya wengine.

Afisa wa elimu alipita asubuhi akitoka Meru. Mtihani wa ngumbaru mwaka huu una karatasi mpya: fikra tunduizi. Watu wazima, wenye wajukuu, wapimwe kama wanaweza kufikiri. Wanne wakifaulu, darasa litaendelea. Wakipungua hapo, ukumbi wa kanisa utafungwa na mimi nirudi kulima viazi kwa kaka yangu. Aliyasema haya akitabasamu.

Nina miaka arobaini na tisa. Sina mume, sina mtoto, nina darasa hili. Naogopa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejaribu swali la kwanza la mfano. Katika kisiwa cha Zuka mbuzi wote ni weupe. Bwana Tito anafuga mbuzi Zuka. Mbuzi wa Bwana Tito ni wa rangi gani?

Sabina alijibu kabla sijamaliza kusoma. Weupe. Sahihi. Sabina hukubali kila kitu. Msimu uliopita aliuziwa mchanga akiambiwa ni mbolea, na akashukuru.

Mama Mwenda aliweka kalamu chini. "Mwalimu, mimi sijafika huko. Mbuzi yangu moja tu imezaa nyeusi na nyeupe, siku moja. Sasa kisiwa nzima? Wacha tuulize huyo Tito."

Nikamwambia karatasi inasema wote ni weupe. Akauliza karatasi ilienda huko lini.

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu moyoni ni nani atakuwa wa nne.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kujaza fomu za mtihani. Kuna mahali pa idadi ya watoto. Mama Mwenda akaanza kutaja majina, mmoja mmoja, kuanzia Mwenda aliye Embu hadi kitindamimba. Nikamwambia wanataka nambari tu. Akaanza majina upya. Huku kwetu mtu hahesabu watoto wake kama magunia, na mimi najua hivyo tangu nikiwa mdogo. Hata hivyo nilimsukuma. Mwishowe nikahesabu majina kwa vidole vyangu chini ya meza na kuandika sita. Afisa angeandika kwamba hajui kuhesabu.

Niandike hapa kwa nini alikuja darasani, nisije nikasahau. Ni mjane wa miaka sitini na kitu. Shamba lake linateremka kutoka barabara ya Mikinduri hadi mtoni. Chini kabisa kuna miti ya miraa aliyoipanda marehemu mume wake. Marehemu hakujua kusoma. Aliwahi kuweka kidole gumba kwenye karatasi ya mtu, akapoteza ng'ombe wawili. Mke alikuwa amesimama hapo hapo. Siku ya kwanza aliniambia: asiweke kidole kwenye kitu ambacho hajakisoma mwenyewe. Hataki kingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Paa la ukumbi linavuja. Mzee wa kanisa anasema misumari. Fundi anasema mabati. Mama Mwenda alikaa akiangalia ukuta muda mrefu, akatoka nje kwenye mvua, akarudi amelowa. Akasema doa la maji ukutani liko upande mmoja tu, na ni bichi leo kwa sababu upepo unatoka mlimani. Maji hayapiti juu. Yanarudishwa na upepo kutoka kwenye mfereji wa bati uliojaa majani.

Fundi akapanda. Majani tele.

Halafu tukarudi kwenye mbuzi wa Tito. Amekataa tena. Huyu ndiye mtu mwenye akili kuliko wote humu ndani, nikiwemo mimi, na ataanguka. Nimeudhika hadi kichwa kinauma. Sijui namchukia nani, aliyetunga karatasi au yeye.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimepata dawa. Kanuni moja, fupi, tunaiimba kama kwaya kabla ya kila swali. Karatasi imeshasema. Usiulize nani ameona. Usitoke nje ya karatasi. Kilichoandikwa juu ni kweli, wewe tafuta kinachofuata.

Wameipenda. Sabina ndiye sauti ya kwanza.

Kuanzia Jumatatu tunakutana kila siku. Mama Mwenda alisita. Alasiri ndipo huenda kukata nepia, majani ya ng'ombe, kule chini, kandokando ya mawe ya mpaka aliyoyazika marehemu. Kati ya miti yenyewe hapiti, kwa sababu mwanamke huku haingii kwenye miraa, lakini nepia inaota mpakani na hiyo ni yake. Nikamwambia mtihani ni wiki mbili tu. Ng'ombe ale nyasi za barabarani, jirani atakukatia. Akaangalia mikono yake. Akakubali.

Jumanne, 28 Oktoba

Ameweza.

Maswali matatu, yote matatu. Aliandika bila kuinua kichwa. Nilipomuuliza juu ya mbuzi wa Tito alisema "nyeupe" kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge. Nilimkumbatia. Darasa likapiga makofi. Yeye alionekana amechoka tu.

Sijafurahi hivi mwaka mzima. Nimepika chapati nikala peke yangu, tano.

Jumatatu, 3 Novemba

Sasa anatunga maswali yake mwenyewe. Akina mama wote wa ushirika huvaa kitambaa cha buluu. Sabina ni wa ushirika. Sabina anavaa nini? Sabina alikuwa ameketi mbele yetu na kitambaa chekundu. Nikamwuliza Mama Mwenda jibu ni lipi. Buluu, akasema. Karatasi imeshasema.

Tulicheka sote. Nikarudi nyumbani na kitu kama mwiba. Nikakipuuza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mtihani. Saa tatu hadi saa sita. Jua kali, ajabu. Saba waliingia, saba wakatoka. Mama Mwenda alimaliza wa kwanza. Hakuuliza msimamizi swali hata moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Amekuja na habari. Shemeji yake Julius, mdogo wa marehemu, anayepakana naye kule chini, alileta karatasi ya mapatano ya shamba Ijumaa. Kila upande ubaki na chake, wasisumbuane tena. Wakaenda kwa chifu. Julius alitaka kumsomea. Akakataa. Akaisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya chifu na wazee wawili, kidole chini ya kila neno. Kisha akaandika jina lake lote. Si kidole gumba. Jina.

Nilimsimamisha mbele ya darasa. Tukapiga makofi mpaka mzee wa kanisa akaja kuchungulia. Nilisema hii ndiyo maana ya elimu. Nilisema hivyo hasa, kwa mdomo wangu huu.

Jumatatu, 17 Novemba

Mama Mwenda hakuja.

Jumanne, 18 Novemba

Mwenda alirudi kutoka Embu Jumamosi kuchuma miraa. Mama yake hakuwa ameteremka huko tangu Oktoba; jirani alikuwa bado akimkatia nyasi za barabarani. Akakuta Julius amemtangulia, yuko juu ya mti na wachumaji wake. Mawe ya mpaka yamepanda. Yale mawe manne aliyoyazika marehemu kule chini sasa yako juu ya miraa, nyuma ya mahindi, pasipoonekana kutoka nyumbani kwa Mama Mwenda. Nimeenda nikaona. Udongo kuyazunguka bado mwekundu. Kule yalikotoka mashimo yamefukiwa na nepia imekatwa ikatupwa juu yake. Kazi ya siku mbili, tatu. Alasiri mbili, tatu.

Nilijua alasiri zile alikuwa wapi. Alikuwa kwangu.

Miti yote ya miraa iko kwa Julius. Amebaki na nyumba, mahindi kidogo na ule mteremko wa mawe ambao hata mbuzi hauteremki vizuri.

Jumatano, 19 Novemba

Kwa chifu, mimi na Mwenda. Chifu akatoa nakala. Nimeisoma mara mbili, halafu ya tatu. Imeandikwa kwa Kiswahili safi. Sentensi ya pili: mawe ya mpaka yako palepale alipoyaweka marehemu. Ya tatu: kila upande utabaki na ardhi iliyo ndani ya mawe yake.

Nikamwambia chifu mawe yamehamishwa, hata mtoto anaona. Akasema kweli mtoto anaona, lakini mama amekubali kwa maandishi kwamba yako palepale, na wazee wameshuhudia.

"Mwalimu, angeweka kidole, ningesema hakuelewa. Watu wangemhurumia. Lakini huyu mama amesoma yote, hakukwama. Ameandika jina yake. Ni wewe ulimfunza, ama?"

Nikasema ni mimi.

Mwenda anaweza kwenda kortini. Ataenda. Lakini sahihi ya mama yake itakuwa imemtangulia huko. Njiani kurudi Mwenda hakunitazama. Ana haki.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeenda kwake. Alikuwa anakoboa maharagwe. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo njia nzima, hata nilijua ningejibu nini.

Hakunitukana. Alinieleza, kwa upole, kama anayesahihishiwa kazi. "Karatasi ilisema mawe iko palepale. Shamba yangu iko ndani ya mawe. Basi shamba yangu iko vile ilikuwa. Si ni hivyo, Mwalimu? Nilifanya vizuri?"

Alifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniua. Hakuna kosa. Kila hatua inafuata iliyotangulia, afisa angempa alama zote.

Akaendelea kukoboa. Akasema zamani angemwambia Julius angoje, aende kwanza akaone. Kutoka jikoni kwake hadi chini ni muda wa kuchemsha chai. Siku ile alifikiria kwenda. Halafu akakumbuka kwamba hatakiwi kutoka nje ya karatasi.

Nikamsaidia maharagwe. Nusu ya yangu yalianguka chini.

Jumapili, 23 Novemba

Sikuenda kanisani. Julius yuko kwaya.

Niandike ukweli hapa kwani hakuna atakayesoma. Sikumfunza kufikiri. Alikuja akijua kufikiri. Alijua kwa macho, kwa miguu, kwa kuuliza nani alikuwepo. Nilimwondolea hiyo nikampa yangu, na hata yangu nilimpa nusu. Ningeweza kumwambia neno moja zaidi: kwanza uliza kama karatasi inasema kweli, halafu ndipo ufuate. Sentensi moja. Ingetosha. Sikusema kwa sababu ingemchanganya kabla ya mtihani, na nilimhitaji awe wa nne.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi sina hata mtoto, na mjukuu ameshafika.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamekuja watatu. Nimewaruhusu mapema. Waliondoka wakiimba kanuni yangu, kwa mzaha. Nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Jumatano, 3 Desemba

Meru, kuchukua matokeo. Foleni ofisini. Watano wamefaulu. Darasa linaendelea. Afisa alinipa mkono, akasema ukumbi wetu ni mfano. Katika karatasi ya fikra tunduizi tumetoa mtu wa kwanza katika eneo zima. Akafungua bahasha ya cheti anionyeshe jina.

Nilitoka nikapita soko la Gakoromone, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kununua ndizi. Nikasimama mbele ya mama mmoja muuzaji. Akaniambia zake ni tamu. Mteja kando yangu akachukua moja, akaibonyeza, akainusa, akairudisha, akaenda kwa mwingine. Nilimwangalia mpaka akapotea kwenye watu. Sikununua.

Mara mbili nilitaka kuacha cheti kile kwenye pipa la takataka. Si changu.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimempelekea. Alikuwa barabarani akikata nyasi, kwa kuwa kule chini si kwake tena. Goti lake limevimba. Aliosha mikono kwanza kwenye dimbwi, akaifuta kwa leso, ndipo akapokea cheti. Akasoma jina lake. Akasoma na yale maneno mengine yote, polepole, mpaka muhuri.

Nikamwambia ni wa kwanza katika eneo zima.

"Ni wewe ulisahihisha?"

Hapana, nikasema. Ni watu wa Meru.

"Uliwaona wakisahihisha?"

Sikuwaona.

Akatikisa kichwa kidogo, si kwa hasira. Akakikunja mara mbili akakitia ndani ya blauzi, akainama tena kwenye nyasi. Nikashika upande mmoja wa kamba tukafunga mzigo. Nikambebea hadi langoni. Hapo akaniambia mzigo ni mwepesi, angefika nao mwenyewe.

Mvua imekatika tangu juzi. Darasa ni Jumatatu saa nane, na kuna watatu wapya wameandikisha. Sijui nitaandika nini ubaoni.