Panem ya Tata

Kagoma, Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
9 Machi 1971

Mpendwa kaka Privatus,

Pokea salamu zetu, na pole kwa baridi ya Roma. Kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama bado anauliza kila siku kama unakula ukashiba.

Barua yako ya kujibu swali la Tata ilifika. Nilijifungia nayo kwanza, maana nilimwogopea baba. Unajua aliacha kwenda kanisani tangu Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili akasikia “mkate wetu” katika sala ya Baba Yetu. Miaka thelathini ya ukatekista aliwafundisha watu kwamba panem ya Kilatini ni ebitoke, kwa sababu padre alimwambia ni chakula cha kila siku, na hapa kwetu asiyekula ndizi husema hajala. Akaona amewadanganya watu mbele ya Mungu. Hata majirani alikuwa akiwaitikia akiwa ndani.

Sasa wewe unaandika kwamba mezani kwenu Mwitalia anasema pane, Mhispania pan, Mfaransa pain, Mbrazili pão, na wote wananyosha mkono kwenye mkate uleule. Hakuna hata mmoja aliyegusa ndizi! Nilitamani kumficha mzee wa watu, nikashindwa. Nikamsomea yote.

Kaka, hayo maneno yamenishika. Kweli yalitoka kwa mama mmoja yakaachana hivyo, kama amaizi yetu, amazzi ya Waganda na maji ya Kiswahili? Na hiyo pão inatamkwaje? Nimeijaribu kwa pua jikoni mpaka Mama akadhani nina mafua. Uniandikie.

Jumapili Tata alivaa kanzu yake akaenda. Baada ya Misa aliwasimamisha wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi tayari, akasema, “Nilikosea. Panem ni mkate. Nisameheni.” Nami nikalia.

Mzee Kagaruki, mwenyekiti wetu wa shamba la ujamaa, akamjibu, “Mwalimu, tuliomba ebitoke, na ebitoke tukapata. Huo mkate tungeuona wapi?” Watu wakacheka, na Tata naye akacheka.

Mama anakusalimu, na shangazi Klaudia pia. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Njiani kutoka kanisani Tata aliniambia kwamba sasa atasema “mkate” bila shida. Atauomba kwa ajili yako, maana wewe ndiye unayeula.

Dada yako akupendaye daima,
Anatolia