Kwa Fundi Mwinyijuma: Halijafa, Limegoma

Umetimia mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ya mwaka 1972 ulipoinama kufunga bawaba ya mlango wa jikoni, hapa kwetu Dunda, Bagamoyo. Uliinuka, ukasema kichwa kinakuzunguka, ukaenda kujinyoosha kidogo. Hukuamka tena. Bisibisi tuliikuta kizingitini.

Wengine huandika kwamba marehemu wao hakuwa na neno na mtu. Wewe ulikuwa nalo, na hatutakusingizia. Ulikuwa mkali kwa neno moja tu, kufa. Hukutaka kusikia karabai imekufa, wala kufuli, wala pampu. Bi Mosi hajasahau siku aliyokuletea cherehani yake akasema imekufa, nawe ukamjibu pale pale mlangoni, "Kama imekufa mpelekee shehe. Kama imegoma, iweke hapo." Akaiweka. Mpaka leo anaishonea.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukibana skrubu midomoni ukifanya kazi, hata mtu akikuamkia shikamoo anaambulia mmh. Tunakumbuka kopo la misumari iliyopinda uliyokuwa ukiinyoosha mmoja mmoja huku ukitusimanga sisi tulioitupa. Karabai ya msikitini uliitengeneza kila ilipogoma, na hukutaka hata asante.

Na gari je? Pikapu yako ya Landrova uliyoipata ikiwa kuukuu tayari, mwaka ule wa Uhuru, mlango wake wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani. Mihogo ya shamba la Mama kule Miono imebebwa na gari hilo. Wajawazito wa mtaa huu wamefikishwa hospitali na gari hilo, na mmoja alijifungulia humo humo, mtoto akaitwa Safari. Kila jioni ukirudi ulifungua boneti, ukatoa rota, kile kidude cheusi ambacho bila hicho gari haliwaki hata ulibembeleze vipi, ukampa mkeo Zuleha, Mama yetu, akiweke. Naye alikiweka ndani ya kijaluba, kile kikasha chake cha tambuu, chini ya popoo. Ulisema gari lina wenyewe wawili. Ukamfundisha na kuliendesha, kwenye njia ya Kaole, waliosema wakasema.

Ulipotutoka mkeo akaingia eda. Hata arobaini haijasomwa, mdogo wako Mtoro akaja na fundi kutoka Chalinze. Hatumvunjii heshima, ni baba yetu mdogo na alikulilia kweli. Lakini alikaa barazani akapaza sauti ili isikike hadi ndani. Akasema gari bila mwanamume ni kutu tu, heri liende Chalinze likauzwe vipuri kabla halijaoza, na shemeji yake akitoka eda ahamie kwake, atapewa chumba cha uani.

Mama alikuwa nyuma ya pazia na nguo zake nyeupe, anasikia kila neno. Kutoka haifai, kufoka haifai. Na alijua vizuri kinachozungumzwa. Gari likienda, shamba la Miono limekwenda, na yeye ni mgeni katika chumba cha uani cha watu mpaka aingie kaburini.

Fundi akafungua boneti, akachungulia, akasema rota haipo. Mtoro akaja dirishani kwa adabu zote kuuliza kama shemeji ameona kitu. Mama akamjibu kwa adabu zote vile vile kwamba yeye ni mwanamke, mambo ya magari atayajulia wapi, si ndivyo yalivyosemwa barazani sasa hivi? Kisha akamtuma binti yenu Mardhiya ampelekee baba yake mdogo tambuu kwenye kisahani. Alizitoa katika kijaluba kile kile, vidole vikipita juu ya rota. Mtoro akatafuna, akaisifu popoo.

Fundi akajaribu rota ya gari jingine, haikukaa. Akasema basi, haliwaki hili. Mtoro hakumsikia. Akaita vijana, wakalisukuma hadi msikitini na kulirudisha, jua la saa sita, kanzu imemganda mgongoni. Mwishowe akajifuta uso akasema, "Gari limekufa na mwenyewe."

Ndani, Mama akasimama. Tulidhani atalia, tukamshika. Akakaa tena, akatutazama, akasema kwa sauti ya chini, "Waacheni. Limegoma."

Akacheka, Baba. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha ndipo akalia.

Mtoro aliondoka akiahidi kurudi na lori alivute. Akarudi kweli, ana mnyororo na dereva, ila eda ilikuwa imekwisha. Mama akatoka barazani na buibui lake na kijaluba mkononi. Akawaamkia wote, akauliza hali ya watoto wa Mtoro mmoja mmoja, mpaka dereva wa lori akaanza kuangalia pembeni. Ndipo akafungua kijaluba, akatoa rota, akaifuta chokaa kwa pindo la buibui, akaenda kuipachika.

Akazungusha hendeli. Kimya. Akazungusha tena. Kimya, na dereva wa lori akacheka kwa pua. Miezi ile yote limesimama, na mkono wa Mama si mkono wako. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni, na tunakiri kuwa sisi wanao tulifumba macho. Mara ya tatu likakohoa, likatikisika, likawaka, moshi wote ukaishia kwenye kanzu ya Mtoro.

Mama akapanda, akatoa kichwa dirishani. "Shemeji, mimi naenda Miono. Kama unakwenda, panda nyuma."

Tangu siku hiyo halijalala pengine ila hapa kwetu. Wapo wanaosema mjane kushika usukani ni aibu. Waseme. Wanasema huku wanapanda, maana miguu yao nayo inaumia. Wiki iliyopita alimkimbiza mke wa jirani yetu Msabaha hospitali, na mama na mtoto wote wazima. Kila jioni rota inarudi chini ya popoo.

Na mlango wa jikoni aliumaliza mwenyewe, kwa bisibisi ile ile, akiwa bado edani. Umelalia upande kidogo na ungemsimanga sana. Lakini unafungika.

Baba, wewe umekufa. Neno lile ulilikataza kwa vyombo, hukulikataza kwa watu, na tulikuosha na kukuzika kwa mikono yetu wenyewe. Kwa hilo hatubishani na Mwenyezi Mungu. Tunamwomba akulaze mahali pema, na akusamehe ukali wako.

Kisomo kitakuwa nyumbani Dunda, Ijumaa baada ya alasiri. Jamaa wa Miono watafuatwa na gari lile lile, na anayeendesha mnamjua.

Unakumbukwa na mkeo Zuleha; wanao Mardhiya, Mwanvita na Sadallah aliye jeshini; dada yako Ashatu wa Kaole; na mdogo wako Mtoro, ambaye siku hizi hupanda nyuma bila kuambiwa.

Watu wanatuambia mwaka umekwisha, sasa tuanze kukusahau. Kukusahau tumegoma.