Picha Yako Niliyoivaa Kifuani

Mishi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, kwa hiyo nakupa yangu: naona aibu. Naona aibu nikiamka, naona aibu nikipita nyumba ya shangazi yako hapa Magongo, Changamwe, ulikokuwa ukikaa siku za shule, na hata sasa ninapoandika nimeupa mlango mgongo ili mama asinione uso. Ungekuwapo ungesema, "Mwende, kwako wewe aibu ndiyo uji wa asubuhi." Safari hii lakini ninayo sababu.

Nianze na ile simu. Kaka yako Juma alinipigia Jumamosi asubuhi nikiwa nafua. Akasema pumu ilikushika kwa nguvu, wakakukimbiza hospitali, na kabla ya alfajiri ukawa umeshafariki. "Mama amesema uambiwe," akasema, kisha akangoja niseme neno. Palikuwa na swali moja tu la kuuliza, na mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza. Anazikwa lini? Mimi nikasema, "Sawa." Umesikia, Mishi? Mtu ananiambia rafiki yangu wa pekee amekufa, nami namjibu kana kwamba ameniambia maji yamekatika.

Juma hakutaja mazishi kwa sababu kwenu jambo hilo halitajwi, linajulikana. Na kwetu nako kuna linalojulikana. Kwetu Ukambani maiti hukaa mochari wiki nzima, hata mbili, watu wakikutana jioni kupanga na kuchanga, ukoo ukisubiriwa ufike. Mama yangu alilia, akajifuta macho kwa ncha ya sketi, akasema, "Tungoje watuambie mikutano ya matanga itakuwa wapi." Basi tukangoja.

Wala usidhani sikuwahi kuona dalili. Babu yako alipofariki ulikosa shule siku moja tu, kesho yake ukaja na sare yako na mtandio wako mweupe, macho mekundu, ukasema mmeshamzika. Niliona ajabu. Nilitaka kuuliza ilikuwaje haraka hivyo, nikaona haya, nikaendelea kuchonga penseli. Nimeishi Mombasa tangu darasa la saba, ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu, na sijawahi kumuuliza hata mmoja wao kitu.

Jumamosi ile yote nilikaa kitandani nikiandika maneno ya kukuaga, maana kwetu rafiki husimama mbele ya jeneza akayasoma. Unanijua mimi na kusimama mbele za watu. Nilijiapia kwamba kwa ajili yako nitasimama. Nilipomaliza nikaenda kwa yule kijana wa duka la picha karibu na steji ya matatu. Nikampa picha yako kwenye simu, akaitoa, akaikata mviringo, akaitia plastiki na pini kwa nyuma. Waombolezaji wetu huivaa sura ya marehemu kifuani. Adhana ya alasiri ilipigwa nikiwa bado mle dukani, namwambia aongeze mwanga kidogo usoni. Kumbe alasiri ile ndiyo uliyosaliwa, na baadaye wakakubeba.

Niache kidogo nikumbuke kingine, maana nikiendelea moja kwa moja nitaichana karatasi.

Unakumbuka mwalimu aliponiambia nisimame nisome, wiki yangu ya kwanza kidato cha kwanza? Nilisimama. Kitabu kilikuwa wazi, maneno nayaona, na sauti haikutoka. Wasichana wa nyuma wakaanza kunong'ona kuhusu Mkamba aliyemeza ulimi. Ndipo kikasha chako cha jometri kilipoanguka sakafuni, kwa kishindo, vyuma vikatawanyika hadi mbele ya darasa. Kila mtu akageuka kukutazama wewe, mwalimu akakufokea wewe, na mimi nikakaa bila mtu kuona. Wakati wa mapumziko nikaja kusimama karibu nawe, nisijue namna ya kushukuru. Ukaniangalia ukasema, "Usinishukuru. Kile kikasha kilikuwa kishavunjika zamani." Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Shangazi yako amenipa mimi kikasha hicho, na kifuniko chake bado hakifungi.

Sasa Jumatatu. Kwa kuwa hatukupata habari ya mkutano wowote, mama akasema niende mwenyewe nikaulize. Nikavaa gauni langu jeusi la kanisani, nikakunja karatasi yangu ya maneno, nikaibandika picha yako kifuani upande wa moyo. Nikavuka feri nimeinua kichwa, mara ya kwanza maishani, kwa sababu nilikuwa nimekubeba. Nilitaka watu wakuone.

Unaijua picha niliyoichagua. Ile ya siku nilipokuwa nakusuka nywele chumbani kwetu, upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama wima, mdomo wazi, meno yote nje, macho yamefumbwa kwa kicheko. Ndiyo picha yako nzuri kuliko zote. Mtandio wako ulikuwa kitandani.

Nilipofika kwenu Timbwani, wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, baba yako kati yao. Nikawaamkia. Wakanitazama, wakatazama kifua changu, kisha wote wakainamisha macho. Nilidhani ni majonzi. Nikapita mbele yao polepole, Mishi, ili wakuone vizuri.

Shangazi yako Rehema akatoka ndani karibu anakimbia. Alikuwa na leso mkononi, akanifunika nayo kutoka mabegani, akanishika kama anayenikumbatia. "Njoo ndani, mwanangu. Njoo." Nikadhani ananifariji. Tulipoingia ukumbini, katikati ya wanawake, mkono wake ukapita chini ya leso na kuifungua pini bila kunichoma. Akaniambia sikioni, "Huyu mtoto hapa pichani yuko kichwa wazi, na nje kuna wanaume." Hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angekuwa nayo.

Nikamuuliza, na swali lilitoka siku mbili baada ya wakati wake: "Atazikwa lini?" Wanawake wakatazamana. Shangazi yako akanikalisha mkekani. "Tulizika siku ile ile, mwanangu. Tulikungoja. Mama yake alimwambia mwosha auwache uso wazi kidogo, kuna mtoto atoka Changamwe yuaja kumuaga. Mpaka wanaume wakabisha mlango kuwa wakati wapita."

Hilo ndilo ninaloamka nalo. Uso wako ulikuwa wazi ukiningoja, na mimi nilikuwa dukani nachagua mwanga.

Mama yako alikuwa pembeni, amejifunika mpaka machoni. Akaomba aione ile picha. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaitazama sana. Akasema, "Sijapata kuiona hii. Alikuwa akicheka nini?"

Nami nilijua. Wa kujua nilikuwa mimi peke yangu duniani. Nikasema, "Sijui, mama."

Akaikunja picha katika pindo la leso yake, akapiga fundo. Karatasi yangu ya maneno nikarudi nayo Changamwe. Hapakuwa na mahali pa kuisoma, na hakuna aliyejua kwamba ninayo.

Wewe unajua kwa nini nilidanganya. Nilikuwa nimekuja kwenu mara moja tu kabla ya msiba, Jumamosi moja, mama yako akipika mahamri ya kuuza. Nilikaa kibarazani kutwa nzima nikila mahamri na mbaazi, nisiseme ila "shikamoo" na "ahsante," na masikio yangu yakifanya kazi. Wiki iliyofuata, nikiwa nakusuka, ukaniambia, "Mwende, wewe maneno unayo tele, wayaficha tu. Sema lolote." Sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mama yako. Kwanza kwa upole, kisha kwa kupanda, pumzi moja: "Mishi. Mishi wee. Mishi! Masikio wayatia pamba? Yaa Rabbi, nitakufa huku nakwita, mwana we!" Ulicheka mpaka ukashuka kwenye kigoda. Ukatafuta pampu yako ya pumu, ukavuta, ukacheka tena. Ndipo nilipopiga picha.

Sasa ningemwambiaje mama aliyefiwa kwamba mwanawe alikuwa anamcheka yeye? Na lile neno la kufa, ningelitamka vipi katika nyumba ile? Nikaona heri nionekane mjinga. Kisha nikaanza kumkimbia. Juma alipiga simu mara kadhaa, "Mama asema uje," nami kila mara nikajibu sawa, na sikwenda. Ungedhani nimejifunza jambo kuhusu neno hilo.

Kuna aibu nyingine, ndogo, lakini nayo iko. Wale wasichana wa nyuma sasa wananijua jina. Wanakuja kukaa mahali pako, wananiletea maembe ya pilipili, wananiuliza ulikuwaje. Juzi mmoja wao alinichekesha nikacheka kweli, kwa sauti, kisha nikaliona dawati lako na nikatamani kukimeza kicheko changu. Nimepata marafiki kwa sababu umekufa. Sijui mtu hufanya nini na jambo kama hilo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumetoka kanisani tukasikia hodi. Alikuwa mama yako. Amevuka kuja kuchukua nguo zako kwa shangazi, akaona apite kwetu, na kikapu cha mahamri juu. Mama yangu akahangaika na kiti na chai, mimi nikasimama tu katikati ya chumba. Mama yako akaniita nikae. "Mwende, mwanangu, mbona wanikimbia? Nimekukosea nini?"

Kukosea. Yeye aniulize mimi.

Akafungua fundo la leso, akaiweka picha mezani. "Sina picha nyingine ya Mishi akicheka hivi. Za shule zote amenuna kama askari. Niambie tu alikuwa akicheka nini. Hata kama ni upuzi, nambie."

Nilitazama chini nikasema, "Alikuwa anakucheka wewe, mama."

Mama yangu akaweka kikombe chini. "Mwende."

"Muwache aseme," mama yako akamwambia.

Nikasema kwamba ni mimi niliyemwigiza. Akataka nimwigizie. Nikasema siwezi, yana maneno mabaya. Akasema ayajua maneno yake mwenyewe. Mbele ya macho yake nisingeweza, Mishi, hilo ulijue, sijawa shujaa. Nilichofanya ni kuingia nyuma ya pazia la kitanda, nikashika kitambaa kwa mikono miwili, nikafumba macho. Kisha nikaita. Kwa upole kwanza, halafu kwa kupanda, na pamba ya masikio, na Yaa Rabbi, na lile neno la kufa sikuliruka. "Nitakufa huku nakwita, mwana we!"

Nikasikia jiko la mafuta likivuma. Nikajua nimeharibu kila kitu.

Halafu upande wa pili wa pazia sauti ikaitika. "Abee, mama. Naja."

Kwa kitambo kidogo nilidhani ni wewe. Nilivuta pazia. Aliyeitika ni mama yako, ameketi pale pale, leso mdomoni, mabega yanatikisika, na mama yangu amemshika mkono. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. Aliponyamaza akafuta macho, akauliza, "Kelele zote hizo ni zangu?"

"Zako, mama."

"Maskini mwanangu," akasema. "Na kila siku akiitika hivyo."

Alikaa mpaka chai ya pili. Nilimweleza habari ya Jumamosi ile, duka la picha na kungoja kwetu, na kwamba sikujua. Alisikiliza yote. Hakusema si kitu, kwa sababu ni kitu. Alisema, "Ungeuliza, mwanangu." Basi.

Aibu haijaisha, Mishi. Sitakudanganya kwamba sasa nimepona. Uso wako sikuuona, na hilo halitengenezeki. Ninachoweza kukupa ni kidogo: nikipigiwa simu nitauliza, hata kama swali ni la kijinga, hata kama watanicheka. Na neno "sawa" nitalitumia pale tu mambo yalipo sawa.

Lala salama, rafiki yangu. Karatasi ile ya maneno nimeichoma jikoni, yalikuwa maneno makubwa mno na hata usingeyapenda. Jumamosi ni hitma yako ya arobaini, kisomo cha kukuombea, na mama yako amesema kuna unga mwingi wa kukandwa. Nimeuliza saa ngapi waanza. Nimeuliza nivae nini. Nitavuka na feri za mapema, nifike kabla hajaniita.

Wako,
Mwende