Mshale Uliokuwa Ukimzamisha Ouma

Mkwe wangu, Baba Atieno,

Kwani Awasi imehama? Nilidhani bado iko pale pale, mwendo wa kutafuna muwa mmoja ndani ya matatu mpaka hapa kwangu Nyamasaria. Mvua ndefu zimekuja mara mbili na kwenda. Unamtuma binti yangu na sukari, unamtuma Atieno na salamu, wewe mwenyewe huonekani. Nani alikuomba sukari? Nina meno matatu! Na usiseme ni kazi. Mashine za posho haziharibiki zote siku moja.

Najua kinachokuzuia. Sasa kaa chini nikueleze vile mimi naikumbuka siku ile ya boti, kwa sababu naona wewe uliondoka nayo vibaya. Anayeandika ni Mama Rose jirani yangu, maana mimi kalamu sijaishika, na nimemwambia asipunguze neno.

Unakumbuka vile gugu maji lilikuwa limefunika ziwa? Kijani mpaka jicho linachoka, ndege wanatembea juu yake kama kuku uani. Mwaka ule kila kitu kilikuwa makosa ya gugu. Samaki wakikosekana, gugu. Mtoto akihara, gugu. Mke akitoroka, gugu. Kwa hivyo boti aliyofanyia kazi mwanangu Ouma ilipoanza kuonyesha joto, nani angeuliza mara mbili? Ile geji ya kupima joto la injini, mshale wake ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Nahodha akazima injini katikati ya maji, akasema gugu limeziba tundu la chini linalovuta maji ya kupoza. Ouma akafungwa kamba kiunoni, akaingia chini ya boti na kisu.

Mara moja, mara mbili, mara tatu. Chini ya gugu ni giza, kuna nyoka, na kiboko hapigi hodi. Mara ya tatu walimvuta juu akiwa na mizizi shingoni, midomo rangi ya jivu. Alilala kwangu akikohoa maji ya ziwa, na keshokutwa yake boti ilikuwa na safari tena ya Kendu. Nikamwambia usiende. Akasema, "Mama, nisipozama mimi, abiria watalala huko."

Ndiyo nikaja kwako Awasi. Mama mkwe mzima, mimi mwenyewe, mpaka kwenye mashine ya posho. Ulipojua ni mimi ukaingia nyuma ya mlango kama heshima inavyotaka, mkwe na mama mkwe wasitazamane wala kugusana, na mimi nikaongea nikiangalia ukuta. Mwanamke mmoja aliyeleta debe la mtama akaniuliza, "Mama, ukuta umekujibu?" Ukuta ulijibu. Ulisema, "Mama, mimi ni wa posho tu. Boti sijawahi kuigusa." Nikasema, "Kwani posho inasagwa na maombi? Si injini?"

Ukaosha unga mikononi, ukaja.

Nahodha alivyocheka! "Leo tumeletewa fundi wa ugali!" Wewe ukaingia botini. Uliwasha injini boti ikiwa imefungwa gatini, na haikuchukua muda mshale ukapanda kwenye nyekundu. Ukachungulia pale ubavuni maji ya kupoza yanapotoka. Ukasema bila kuniangalia, "Mama, hebu jaribu hayo maji yakoje." Nikatia mkono.

"Ya kuogesha mtoto," nikasema.

"Si ya moto?"

"Nimeogesha wajukuu kumi na mmoja, unaniuliza?"

Ukasema, "Basi kati yako na mshale, mmoja anadanganya."

"Si mimi."

Ukaniweka pale kwenye usukani, mbele ya geji, wewe ukashuka chini kwenye injini. Nikakwambia namba sijui kusoma. Ukasema namba za nini, "Niambie tu mshale umelala au umesimama." Kumbe ndiyo kusoma kwenyewe? Wewe chini, mimi juu, hatuonani, heshima imekaa mahali pake.

Ukafungua waya kutoka kwenye kidude cha shaba kilichochomekwa kwenye injini, kile kinachopima joto. Ukaita, "Mama?"

"Umesimama."

"Bado?"

"Bado umesimama, Baba Atieno. Kwenye nyekundu."

Ulitoka huko chini ukanipita kama sipo, ukauangalia mshale kwa macho yako. Ukasema polepole, "Nimeutenga na injini. Haujui kama injini iko moto au iko baridi. Sasa nani anauambia?"  Nimeishi kando ya ziwa hili tangu nizaliwe, nimeona mengi, lakini sijawahi kuona mtu akiuliza chuma swali, na chuma kikishindwa kujibu.

Halafu ukaanza kuufuata ule waya kwa vidole, chini ya mbao, mkono kwa mkono, ukiutikisa. Mimi nikipiga kelele huku juu: Umelala! Umesimama! Umelala! Watu wakajaa gatini kutazama kikongwe kilichopagawa. Mwishowe ukapaona mahali penyewe. Nyuma ya kipande cha chuma, ngozi ya waya ilikuwa imesuguliwa ikaisha, na kila injini ikitetemeka waya unagusa chuma, mshale unaruka. Ulinionyesha. Palikuwa padogo kama punje ya mtama. Punje ya mtama ndiyo ilikuwa ikimfunga mwanangu kamba.

Ukapazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mshale ukalala. Na nahodha, nisimnyime haki yake, akauliza swali la maana: "Na kama sasa umelala milele? Injini iungue tukiwa katikati, utakuja kutuvuta?"

Hukukasirika. Uliniomba birika langu la chai kutoka kwenye jiko langu pale gatini, ninapouza chai. Ukazima injini, ukachomoa kile kidude cha shaba, ukakifunga tena na waya wake, na waya mwingine mpaka kwenye chuma cha injini, ukakitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mshale ukaanza kuamka. Si kuruka kama zamani. Taratibu, kama mzee anayeinuka kutoka kwenye kiti. Ukakitia kwenye mkebe wa maji ya ziwa, mshale ukarudi kulala. Birika, ukainuka. Ziwa, ukalala. Nahodha ndiye alikuwa akitangaza sasa. Kidude kidogo kama kizibo cha soda, hakina jicho, hakina ngozi, na kinajua birika na kinajua ziwa. Nilitamani kupiga magoti, sikujua nimpigie nani.

Ndipo birika likapinduka juu ya mkono wako wa kulia.

Baba Atieno, sikufikiri. Nilikushika mkono, nikauvuta mpaka majini, nikaushikilia huko.  Wazee wakageuza nyuso. Ulisema, "Mama, achilia." Nikasema, "Nyamaza, haujapoa." Mkono ulipopoa, ukaondoka bila chai, na tangu siku hiyo hujanionyesha uso.

Sasa nikwambie ambayo hukuyaona. Siku ya ile safari ya Kendu nilipanda ile boti, nikakaa karibu na Ouma. Gugu kushoto, gugu kulia, injini inanguruma, na mshale umetulia katikati kama mtu aliyeshiba. Hakuna aliyeitisha kamba. Tulipofika Kendu nilimshika shati mgongoni, nikashika na pindo. Akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Lilikuwa kavu. Mwanangu alivuka ziwa lote na shati kavu, na mtu wa kumshukuru alikuwa amejificha Awasi.

Lile jambo la mkono nililipeleka mwenyewe kwa wazee. Wakasema nilipe kuku. Kuku nikachinja, wakamla mpaka shingo, wakafuta midomo, kesi imekwisha. Kama kuna aibu imebaki, ni yako peke yako unaifuga huko.

Binti yangu ananiambia mkono umepona. Atieno naye anasema umepona, eti unashika spana vizuri. Mimi kuambiwa sitaki. Niliambiwa pia injini inaungua.

Kwa hivyo Jumapili ijayo njoo, na usizunguke nyuma ya nyumba. Pitia mlango wa mbele, na kabla hujasema hodi mara ya pili, nyoosha mkono wa kulia.

Mimi mama wa mkeo,
nyanya wa Atieno